Picha ya Simu Namba Saba

Simu kumi zilikutwa ndani ya ndoo ya maji ya klorini, zimerundikana kama vyombo vinavyosubiri kuoshwa. Zote zilikuwa zimekufa.

Aliyezikuta ni muuguzi mratibu wa mradi. Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, alipofungua stoo ya idara ya vidonda pale hospitalini. Kufuli lilikuwa zima, dirisha lilikuwa na nondo zake zote. Harufu ya klorini ndiyo iliyomfanya atazame chini ya rafu. Alirudi nyuma, akafunga mlango na kupiga simu polisi bila kugusa kitu. Inspekta alimshukuru kwa hilo kabla hata ya kumuuliza jina la mradi.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye tabia ya kuuliza swali moja na kunyamaza hadi mtu achoke na ukimya. Alifuatana na koplo wake, mwanamume mnene aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Hizi nyingine mbona hazikuguswa?" Koplo aliuliza.

Kwenye rafu ya juu zilikuwepo simu nyingine kumi, zimepangwa safi kwenye chaji, vioo vinang'aa. Koplo alizitambua mara moja. Alikuwa na ya aina hiyo mfukoni na aliipenda kama mtoto wa mwisho.

Muuguzi alieleza. Hospitali ilitaka kuwapa simu janja wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Mhudumu akikuta kidonda, anakipiga picha na kuituma, na daktari anaisoma hapa hapa na kusema mgonjwa aletwe au atibiwe nyumbani. Tatizo lilikuwa simu gani zinunuliwe. Kwa fedha zilizokuwepo, za bei mbaya zingetosha wahudumu hamsini tu, za bei nafuu zingetosha wahudumu wote mia tatu. Basi wakafanya majaribio ya miezi sita, kumi za bei nafuu kwa kumi za bei mbaya, kuona kama hizi rahisi zinaweza kushindana na zile za bei mbaya. Ijumaa simu zote zilikusanywa. Leo Jumatatu kamati ilikuwa ikutane, ifungue kila simu na kulinganisha picha zenyewe za asili.

"Na zilizozamishwa ni zipi?" Inspekta aliuliza.

"Za bei nafuu. Zote kumi."

Mpiga picha wa polisi alimaliza kazi yake. Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza unga wake kwenye rafu, kwenye kufuli na kwenye mkono wa ndoo, kisha akatikisa kichwa. Aliyezamisha simu alivaa glavu, na katika idara ya vidonda glavu zilikuwa kila kona.

Inspekta alichuchumaa mbele ya ndoo muda mrefu. Simu tisa zilitolewa zikiwa nzima, maji tu yanachuruzika. Ya kumi ilikuwa imepondwa. Kioo kilikuwa kimebomoka, mgongo umebonyea, pembe moja imefumuka. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya gundi yenye namba 7.

"Koplo, mtu akitaka kuua simu kumi, anaponda moja ya nini?"

Koplo alisema labda alianza kuponda, akachoka, akaona maji ni kazi nyepesi.

"Au alikuwa na shida na moja tu," Inspekta alisema. "Hizi tisa ni za kutuzuga."

Muda wa tukio haukuwa mgumu kuupata. Msafishaji alipiga deki stoo Jumamosi saa nane mchana, na simu zote ishirini zilikuwa kwenye rafu. Alikumbuka kwa sababu alizisogeza ili apanguse vumbi. Saa kumi jengo lile lilifungwa, mlinzi akaweka komeo la nje, na halikufunguliwa hadi Jumatatu. Kwa hiyo aliyefanya alifanya ndani ya saa mbili hizo. Funguo za stoo zilikuwa mbili. Mmoja muuguzi aliondoka nao. Wa pili ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kufungia vidonda, na waliojua ni wafanyakazi wa idara na wahudumu wa mradi. Mtu wa nje asingeujua.

Hilo lilimpunguzia mzigo mtu ambaye kila mmoja hospitalini alikwisha kumhukumu, yaani wakala wa kampuni ya simu za bei mbaya. Inspekta alimtembelea dukani kwake hata hivyo. Alimkuta katika suti ya kijivu, amekasirika kabla ya kuulizwa. Ni kweli, alikubali, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba vile vidubwasha havistahili kuitwa simu. Lakini Jumamosi kutwa alikuwa hapa dukani, na kamera ya dukani ilithibitisha. Akaongeza kwamba simu zake yeye ungezitumbukiza kwenye ndoo ile, ungezitoa, ungezifuta na kupiga. Koplo alitikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba amesifiwa yeye.

Simu namba saba ilikuwa na mwenyewe wake.

Mwanamke huyo alikuwa mhudumu wa afya, umri wake miaka ishirini na tisa, na wiki tatu zilizopita alisimamishwa kazi. Kitabu cha getini kilionyesha aliingia hospitalini Jumamosi saa sita na nusu. Muda wa kutoka haukuandikwa, kwa kuwa mlinzi alikuwa amekwenda kula. Inspekta alimwita kituoni. Alikuja peke yake, akaketi na mikono imefungana mapajani.

"Simu namba saba ulikaa nayo muda gani?"

"Miezi mitano."

"Kwa nini walikusimamisha?"

"Nilipiga picha mbaya."

"Ya nani?"

"Ya mguu wa shangazi yangu."

Mengine aliyaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani, na ana kisukari. Tarehe tisa ya mwezi uliopita alimkuta na kidonda kidogo upande wa mguu wa kulia, karibu na kidole cha mwisho. Kidole chenyewe hakikumpendeza. Alikipiga picha, akaituma kwa daktari. Jibu lilikuja kwamba ni kidonda cha kawaida, kisafishwe, mgonjwa atazamwe tena baada ya wiki mbili. Alifanya kama alivyoambiwa. Siku ya kumi na mbili shangazi alipandwa na homa, wakamkimbiza hospitali, na mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari aliandika katika ripoti yake kwamba picha aliyotumiwa ilikuwa hafifu, kidole hakikuonekana, na simu za aina ile hazifai kwa kazi ya uhai wa watu.

"Na wewe uliiona picha hiyo kuwa mbaya?"

"Mimi niliiona nzuri. Lakini yeye ndiye daktari."

"Jumamosi ulifuata nini hospitalini?"

"Kurudisha mkoba na fulana ya kazi. Saa saba nilikuwa nimeshatoka."

"Ukaenda wapi?"

Akanyamaza. Inspekta naye akanyamaza. Ukimya ulikaa kati yao hadi Koplo akaanza kukohoa. Mwanamke yule hakusema alikwenda wapi. Alisema tu kwamba kama wanataka kumfunga, wamfunge.

Nje ya chumba, Koplo alisema kesi imekwisha. Sababu anayo, ufunguo anaujua, na hasemi alikuwa wapi. Simu ilimponza, akaiponda. Hata yeye Koplo angeiponda. Akaongeza kwamba kitu rahisi siku zote humgharimu mtu mwisho wa safari, na ndiyo maana yeye alinunua simu ya maana.

"Shangazi yake anakaa wapi?" Inspekta aliuliza.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu mwenye uso wa kukataa kuonewa huruma. Aliwapokea akiwa ameketi karibu na dirisha, khanga imefunika miguu, magongo yameegemezwa ukutani. Alipotajiwa binti wa kaka yake alitazama pembeni. Alisema hawajasemezana tangu siku aliyotoka hospitalini. Yule mtoto aliaminiwa mguu wa mtu, akaupiga picha na kisimu cha bure. Si angesema tu hajui, ampeleke hospitali kwa miguu yake wakati anayo?

Inspekta alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama kwa bahati anajua binti huyo alikuwa wapi Jumamosi mchana.

Mama yule alitulia. Ilionekana wazi kwamba jibu analo na kwamba hapendi kulitoa.

"Alikuwa hapo nje," alisema mwishoni. "Upande ule wa barabara, kwenye ukuta wa jirani. Alikuja saa nane kasoro, akasimama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lilipoanza kupungua. Saa kumi na moja hivi."

"Mlizungumza?"

"Alikuwa anangoja nimwite. Sikumwita." Akairekebisha khanga. "Nilikaa hapa hapa ninamtazama. Andika hivyo, kama itamsaidia. Mimi siwezi kumsingizia mtu."

Ndani ya gari Koplo alikiri kwamba kesi haijaisha.

Jumatano waliitwa maabara ya polisi. Mtaalamu wa vifaa vya kielektroniki, kijana mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa amezitandaza simu kumi kwenye karatasi nyeupe. Aliwaambia klorini ilikuwa imekula sehemu za ndani, na namba saba haikuwa na matumaini kabisa, kwani kilichohifadhi kumbukumbu zake kilikuwa kimepasuka vipande. Kisha akachukua pini, akaisukuma kwenye tundu dogo ubavuni mwa ile simu iliyopondwa. Kikatoka kisahani chembamba kilichopinda. Juu yake kulikuwa na nafasi tatu. Mbili zilikuwa za laini. Ya tatu ilikuwa na kitu cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Memori kadi," alisema. "Simu hizi zina hifadhi ndogo, kwa hiyo hospitali iliweka kadi, na picha zote zilikwenda huko. Nimeikausha jana, nikairudisha ili muone ilikokuwa. Inasoma."

Koplo aliitoa simu yake mfukoni, akaigeuza huku na huku akitafuta tundu.

"Ya kwako haina," mtaalamu alimwambia. "Nyingi za bei mbaya wameiondoa. Mtu aliyezoea hizo hawezi hata kufikiria kuitafuta."

Walizifungua picha kwenye kompyuta. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Ile ya tarehe tisa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ilijaza kioo kizima. Inspekta hakuwa mtu wa tiba, lakini aliona alichohitaji kuona. Kidonda kilikuwa pale, kingo zake, unyevu wake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimegeuka rangi, cheusi tangu kwenye ukucha hadi kwenye fundo, na mpaka kati ya cheusi na ngozi nzima ulikuwa kama umechorwa kwa kalamu. Ungeweza kuhesabu mikunjo ya ngozi.

Walimwita daktari wa upasuaji kutoka hospitali nyingine, wakamuonyesha bila kumwambia lolote. Aliitazama sekunde tano. Alisema mgonjwa huyu alazwe leo hii.

Kwa hiyo picha haikuwa hafifu. Na aliyesema ni hafifu alikuwa mtu mmoja.

Hospitalini walimwita Jicho. Alikuwa daktari mkuu wa vidonda, miaka hamsini na tano, na jina hilo alilipata kwa sababu aliona yale ambayo wengine walipita. Wauguzi walihadithia jinsi alivyowahi kusimama mlangoni mwa wodi na kutaja mgonjwa yupi atazidiwa kabla ya jioni. Mafundi wa kompyuta waliithibitishia polisi kwamba picha ya mguu ule ilifutwa kwenye mfumo siku mbili baada ya mguu kukatwa, kwa neno la siri la idara. Lakini neno hilo lilikuwa limebandikwa ukutani kwa plasta, na idara nzima ililitumia. Na Jumamosi alikuwa zamu, pamoja na watu wengine wanne. Wakili yeyote angelicheka faili hilo.

Inspekta alimfuata ofisini kwake Alhamisi asubuhi, na bahasha kubwa mkononi. Chumba kilikuwa safi, vitabu vimenyooka, simu ya bei mbaya imelala kifudifudi juu ya meza. Alimwambia anahitaji msaada wa kitaalamu. Polisi wangependa kuelewa tofauti ya picha za simu hizi mbili, maana huenda ndiyo sababu ya kosa.

Jicho alisema tofauti ni ya mchana na usiku. Mtu aliyezoea anaijua kwa kutupia macho.

"Basi nitenganishie hizi," Inspekta alisema.

Zilikuwa picha ishirini za vidonda, zimechapwa kwenye karatasi za aina moja. Kumi zilitoka simu za bei mbaya kupitia kompyuta ya hospitali. Kumi zilitoka kwenye kadi ya namba saba, ambayo hakuitaja. Nyuma ya kila picha Koplo alikuwa ameandika ilikotoka.

Jicho alivaa miwani na kuanza. Alikuwa na mikono mizuri, ya haraka. Kulia aliweka alizoziita za simu ya maana, kushoto hizo nyingine, na kwa kila moja alitoa sababu: hii rangi imepauka, hii kingo zimekolea. Alifanya hivyo mara kumi na tatu.

Ya kumi na nne aliiinua, na mkono ukabaki hewani. Haukwenda kulia wala kushoto. Koplo, aliyesimama karibu na mlango, alisogea mezani.

"Hii mmeipata wapi?" Jicho aliuliza.

"Ulitegemea isipatikane?"

Jicho aliirudisha karatasi mezani.

"Daktari, picha hii ilifutwa kwenye kompyuta. Simu iliyoipiga ilipondwa. Nimekuletea picha ishirini, na kumi na tatu umezipokea bila kuuliza zimetoka wapi. Umeuliza hii tu."

Koplo alizigeuza zile kumi na tatu moja baada ya nyingine, akahesabu kimya, akamwonyesha Inspekta vidole sita. Sita ndizo alizopatia. Mtu aliyefumba macho angefanya vivyo hivyo.

Inspekta alimweleza haki yake ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili. Jicho alivua miwani. Alionekana kama mtu aliyebeba kabati ngazi nyingi na sasa amepata pa kulitua.

"Siku ile sikuwa hapa," alisema. "Nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, shuleni kwa binti yangu. Picha ziliingia, nikazisoma kwenye simu yangu. Hiyo hapo mezani. Nilikuwa uwanjani, juani. Nilizifungua, nikajibu, nikafungua nyingine. Hii niliiona kama stempu. Sikuikuza."

"Ungeikuza ungekiona kidole?"

"Ningekiona. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angekiona."

Aliendelea bila kuulizwa. Mama yule alipoletwa na homa, yeye mwenyewe ndiye aliyemkata mguu. Baada ya upasuaji alikwenda kuitazama ile picha kwenye kompyuta kubwa, mlango umefungwa. Alikaa mbele yake nusu saa. Siku mbili baadaye aliifuta, akaandika ripoti. Haikuwa vigumu, alisema, kwa sababu kila mtu alikuwa tayari kuamini kwamba kitu rahisi lazima kiwe kibaya. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Kisha kamati ikatangaza kwamba itazifungua simu zenyewe. Jumamosi saa tisa alichukua ufunguo kwenye msumari. Aliiponda namba saba kwa chuma cha kitanda, akajaza ndoo, akatumbukiza zote kumi ili ionekane ni vita vya wafanyabiashara.

"Kulikuwa na mhudumu," Inspekta alisema. "Alipoteza kazi. Ulimfikiria?"

"Kila siku."

"Ukamwacha."

"Nililaumu simu. Sikumtaja yeye kwa jina popote." Alisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyotoka, akainamisha kichwa. "Simu haijitetei. Nilijiambia simlaumu mtu. Thelathini na moja ni miaka yangu katika kazi hii. Wananiita Jicho. Ningesimama mbele yao niseme nini? Kwamba sikutazama?"

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Hivyo tu."

Koplo alimfunga pingu kwa upole, akazifunika pingu kwa koti ili wasivuke korido na aibu kubwa kuliko ilivyolazimu. Alishtakiwa kwa kuharibu mali na ushahidi, na faili la uzembe likapelekwa baraza la madaktari. Kamati ilikutana wiki iliyofuata, ikazisoma picha za kadi kumi pamoja na zile za simu za bei mbaya, na kuona kwamba kwa kazi hii tofauti haikuwa ya kumnyima mhudumu yeyote simu. Mia tatu ziliagizwa.

Kabla ya hayo yote, alasiri ya Alhamisi ileile, Inspekta alikuwa na jambo moja la kisheria lililobaki. Mwenye mguu alitakiwa kuutambua mguu wake.

Shangazi aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya kile kidole ambacho hakipo tena. Inspekta alimweleza kwa maneno machache nani aliitazama na nani hakuitazama. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza. Akaweka sahihi panapotakiwa.

"Kwa hiyo alipiga vizuri," alisema.

"Alipiga vizuri sana."

Akanyoosha mkono kuchukua simu yake dirishani, akampa Inspekta. Namba ya yule mtoto imo humo, alisema, amtafutie na kuipiga, kwa kuwa yeye hana hakika vidole vyake vitafanya kazi hiyo leo.

Inspekta alipiga, akamrudishia. Simu iliita mara mbili ikapokelewa. Upande wa pili hakukuwa na sauti, mtu anapumua tu.

"Ni mimi, shangazi yako," mama alisema. "Umeshakula?"